Tochi Inayosubiri

Kijijini kwetu husema betri "zimetoa maji", kana kwamba zimetokwa jasho. Katika betri za bei nafuu, ambazo ndizo zinazojaa madukani, kopo la zinki ni chombo na pia ni chakula. Kila unapowasha tochi, zinki inaliwa kutoka ndani. Ukuta unazidi kuwa mwembamba, mwishowe unatoboka, na chumvi yenye asidi inatoka. Hata ukizima, ulaji huo hauachi kabisa. Unapunguza tu mwendo. Betri za alkalini zina kopo la chuma, ila nazo huvuja: gesi ya haidrojeni hujaa ndani, kizibo huachia, potasi kali hutoka na kukauka kuwa unga mweupe. Unga huo husafishwa kwa ndimu au siki. Usiuguse kwa mkono mtupu.

Hayo niliyasoma darasani, shahada ya kwanza. Maana yake niliiona nyumbani.

Baba alikuwa na tochi ya bati linalong'aa, inayokula betri kubwa tatu. Alipofariki, mama aliifuta, akaiviringisha kwenye kitambaa na kuiweka kabatini pamoja na kofia yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Miezi minane baadaye umeme ulikatika, kuku wakapiga kelele bandani, naye akaenda kuichukua. Haikuwaka. Nilipokuja likizo tuliifungua kwa koleo: spring imeliwa, betri zimevimba na kung'ang'ania bomba, ute wa kahawia kila mahali. Mama alisema taratibu, "Kumbe nilikuwa nazika kitu kingine." Kisha akatoka nje.

Na betri zile hazikuwa rika moja. Baba, kama wanaume wengi wa mtaa wetu, alichanganya kuukuu na mpya. Kuukuu ikiisha, zenye nguvu huendelea kusukuma umeme ndani yake, nayo huvuja. Zilizochoka zilianikwa juu ya bati, juani, zikafufuka kwa jioni moja. Zikishindwa tochi zilihamia redioni, kisha saa ya ukutani. Betri ilistaafu mara tatu.

Basi nikaenda Kariakoo na kibunda kidogo kilichobaki kwenye posho ya utafiti. "Dada, hii inapiga kilomita!" muuzaji alisema, akinimulika usoni. Choo cha mama kiko hatua thelathini kutoka mlangoni. Nilikataa pia zile za kuchaji zenye betri ya risasi ndani, kwa sababu zikikaa muda mrefu bila chaji hufa kimyakimya. Nilichukua ndogo ya alumini, ya LED, inayotumia betri moja tu ya rimoti. Betri moja haina wa kuchanganywa naye, na duka la jirani haliikosi.

Nilimpigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haiwaki-waki kama disko?"

"Hapana. Usiku huu ukiitumia sana, sawa. Ukisafiri, toa betri."

"Nitaifunga kwenye pindo la khanga, na hela zangu. Ina kamba?"

Haikuwa na kamba. Aliishonea mwenyewe, akapigilia msumari nyuma ya mlango wa uani.