Kubali yaishe? Muulize baba yangu

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kuambiwa "kubali yaishe." Umeachishwa kazi, au mtoto amekosa alama za kuingia chuo kikuu, au mchumba amekwenda kwa mwingine. Jirani aliyekuja kukupa pole anakunywa chai yako, anafuta mdomo, anatamka maneno hayo mawili na kwenda zake. Wewe unabaki na tatizo lako lile lile, pamoja na vikombe vya kuosha.

Maana ya kukubali mimi niliiona kwa baba yangu, na ilimchukua mwaka mzima kuifikia.

Baba alikuwa dereva wa malori. Kwa miaka 27 alibeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba, na mara nyingine akavuka mpaka kwenda Kampala. Aliujua mteremko wa Salgaa kama ujuavyo ngazi za nyumba yako. Halafu akaanza kugonga vitu. Kwanza lori liliparuza lango la bohari. Nyumbani akawa anajikwaa kwenye stuli na kuwagombeza wajukuu kwa kuziacha njiani. Gazeti alilisoma vizuri, hata yale maandishi madogo ya matangazo, kwa hivyo hakuna aliyeyashuku macho.

Daktari akasema ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Aghalabu maji yaliyomo ndani ya jicho hayatoki inavyopasa, msukumo unapanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo inakufa pole pole. Mara nyingi haiumi. Huanza kula pembeni, na mtu hujiona mzima kwa sababu bado anaona mbele yake. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone, au upasuaji, hulinda kile kilichobaki tu.

Mzee aliuliza swali moja: "Daktari, nitarudi barabarani lini?" Akaambiwa hatarudi.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu kwetu sote. Mara mashine ya daktari ilikuwa mbovu. Mara ni kosa la Mama, ati anaweka taa hafifu. Akapatana bei na Mungu: akirudishiwa macho ataacha sigara na kuchangia paa la kanisa. Kisha akanyamaza, siku nzima akikaa ameuelekea ukuta. Baadaye nilisoma kwamba daktari Elisabeth Kübler-Ross, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu wagonjwa wanaokaribia kufa, alizitaja hali tano: kukana, hasira, kupatana bei, huzuni na kukubali. Nilimtambua Mzee mara moja. Lakini usidhani mtu huzipanda kama ngazi. Baba aliweza kuwa na huzuni Jumatatu, na Jumatano akarudi kwenye hasira.

Katika mwaka huo alinunua mizizi, unga na maji ya kuoshea macho kutoka kwa kila aliyeahidi kumponya. Matone ya hospitali aliyaacha. "Natia, lakini sioni tofauti," alisema. Nakuomba utulie hapa kidogo, msomaji, maana hapa ndipo penye hatari. Ni kweli hakuona tofauti, na hangeiona kamwe, kwa sababu dawa ile hairudishi kitu. Aliyekuwa akidai macho ya zamani hakuwa na haja nayo. Kwa kukataa kilichopotea, Mzee alikuwa akikipoteza kilichobaki.

Siku aliyokubali haikuwa na kishindo. Alimwita kijana aliyewahi kuwa utingo wake, akampa sanduku lake la spana pamoja na jeki. Kijana alipoondoka, Mzee akageuka akamwuliza Mama, "Zile dawa ziko wapi?"

Siku hizi taarifa ya habari ya saa moja ikianza, hutia tone moja kila jicho, akafumba, na kubana kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua ili dawa isiteremkie kooni. Hapo hasemeshwi. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji ya jirani auzaye soda.

Najua kuna atakayenitajia Henry Wanyoike, mwanariadha wetu aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupata kiharusi, na mwaka 2000 akashinda dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Walemavu kule Sydney, akimvuta kiongozi wake aliyekuwa amechoka. Namvulia kofia. Ila sipendi tunavyongoja mtu alete dhahabu ndipo tuseme amelishinda jambo. Mzee haleti nishani. Anakwenda kioskini kwa fimbo, na usiku analala usingizi.

Anakaa Mlolongo, kandokando ya barabara ya Mombasa. Jioni huketi nje akisikiliza malori. "Huyo ana saruji," husema, "na gia amechelewa kubadilisha." Zamani mlio huo ulimfanya aingie ndani na kufunga dirisha.

Limebaki jambo moja. Glakoma hufuata ukoo, na mtoto wa mgonjwa yumo hatarini zaidi kuliko mtu mwingine. Mimi nina miaka 36, na kila mwaka hupimwa. Mpaka sasa macho yangu ni mazima, mwakani sijui. Ndugu yangu mkubwa hajaenda hata mara moja. Anasema yeye amekwisha kubali, lolote litakalokuja ni mapenzi ya Mungu.

Mzee humpigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Hamsalimu kwanza. Humwuliza tu, "Umekwenda?"