Skrubu ya Pampu Isiwe ya Bei Rahisi

Huenda ukajiuliza: Lodwar ni kukavu hivi, skrubu ya bei ghali ya nini? Hewa ya hapa Nawoitorong haina neno. Adui ni maji ya pampu, hasa ya kisima chenye chumvi. Skrubu ya chuma cha kawaida hushika kutu ikang'ang'ania. Siku ya kubadilisha mpira, bisibisi inakula kichwa chake bure huku kina mama wakingoja na mitungi. Nunua stenlesi, pakiti iandikwe A2. Penye chumvi, A4. Lakini usiikaze kavu kwa pupa. Nyuzi zake hukwaruzana zikagandana, hata shina likakatika. Mimi hupaka grisi kidogo, nikaanza kwa vidole. Sumaku je? Isikutishe, hata stenlesi nzuri huvutwa kidogo.