Shahada Iliyoanzia Mtaa wa Swahili

Nilimaliza shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, mwaka 1979. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha karibuni tu, na karatasi nyeupe mjini ilikuwa adimu. Nilikuwa nimesomea redio kama chombo cha kufundishia, fani ambayo leo inaitwa teknolojia ya elimu. Wajukuu wakisikia kwamba hatukuwa na kompyuta, na kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, hunionea huruma. Hawajui nilifundishwa na akina nani.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Redio Tanzania. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikusanyika nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilipewa kikundi cha Mtaa wa Swahili, Kariakoo. Wengi walikuwa makuli wa bandarini. Walitoka zamu vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi, wakakaa mikekani uani, redio ya betri imewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Kipindi kikiisha tunafungua kitabu, anayejua kusoma anawasomea wenzake, kisha mjadala.

Jioni ya somo la choo siisahau. Redio ilieleza vizuri kabisa namna ya kuchimba na kufunika. Mzee mmoja, kuli wa magunia ya korosho, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa mwalimu, hicho choo nikachimbe wapi? Nyumba ya watu, ua wa watu. Vyumba sita, choo kimoja, na mwenye nyumba ndiye mwenye kauli."

Redio ilikuwa imeshaingia kwenye muziki. Nilipekua kitabu, kilikuwa kinazungumza na mtu mwenye kiwanja chake. Mama mmoja muuza vitumbua ndiye aliyesema aitwe balozi wa nyumba kumi. Kikao kilichofuata balozi akaja, na mwenye nyumba nyuma yake, amenuna. Walibishana mpaka taa ya chemli ikawashwa. Mwenye nyumba akakubali kutoa saruji na mbao, wapangaji watoe nguvu zao.

Swali la mzee yule ndilo nililopanda nalo Mlimani miaka kadhaa baadaye, na tasnifu yangu yote ilikuwa kulijibu: redio inasema lakini haisikii, kwa hiyo mafunzo yanategemea wale waliokaa kuizunguka. Karani mmoja wa mjini alinipigia taipu usiku baada ya kazi zake, nakala nne kwa karatasi za kaboni. Ya nne inasomeka kwa taabu, ndiyo niliyo nayo.

Kwenye utetezi mtahini mmoja alinibana. Kama redio haisikii maswali ya watu, fedha za vipindi si zingeajiri walimu zaidi? Nikamjibu kwamba mwalimu peke yake asingeweza kumwita mwenye nyumba akaja. Alikuja kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limesemwa redioni, nchi nzima imesikia, na makuli walikuwa na mahali pa kuanzia kumdai. Watahini wakanipitisha, kwa sharti kwamba niongeze sura juu ya wapangaji wa mijini. Nikairudia Kariakoo, nikaketi tena na mzee yule na wenzake, na sura hiyo ikawa ndefu kuliko zote.