Kuluzu Hakuwemo Katika Orodha

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali hii, na aghalabu huwa ameiandikia insha mara mbili au tatu kabla ya kuingia chuo kikuu. Hata hivyo, kuikariri methali ni jambo moja na kuitii ni jambo jingine. Makala haya mafupi yanasimulia yaliyomfika mwanafunzi mmoja wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, mzaliwa wa bara, ambaye wakati wa likizo ndefu alikwenda Diani, kusini mwa Mombasa, kujitolea kupokea simu katika kituo cha kuwaokoa wanyamapori.

Yafaa kwanza msomaji apaelewe mahali penyewe. Diani ni mji uliojengwa ndani ya msitu. Hoteli, nyumba na maduka yamejipanga kando ya barabara inayoambaa na ufuo, na baina ya majengo hayo imesalia miti ya msitu wa kale wa pwani. Msitu wa namna hiyo ndio unaohifadhiwa kwa heshima ya mababu katika Kaya Kinondo, kaya ya Wadigo ambayo mwaka wa 2008 iliingizwa, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Binadamu walipohamia, wanyama hawakuhama. Mbega, mwenye manyoya meusi na mashungi meupe mabegani, angali anakula majani juu ya mapaa ya watalii. Kima, tumbili na nyani nao wapo, na usiku komba hulia mitini. Panapokatwa mti, njia ya mbega hukatika, naye hulazimika kushuka barabarani penye magari au kupita juu ya nyaya za umeme zisizofunikwa. Ndiyo maana madaraja ya kamba yametundikwa juu ya barabara hiyo, na ndiyo maana ipo simu ambayo mtu yeyote anaweza kuipiga amwonapo mnyama aliyeumia.

Mpokeaji wa simu hiyo hana wavu wala sindano. Zana yake ni maswali. Mnyama yuko wapi? Ni wa aina gani? Yu hai? Kisha humsihi mpigaji asimguse, awafukuze mbwa, wala asimpe ndizi kwa huruma, kwa kuwa tumbo la mbega limeumbiwa majani na matunda matamu huweza kumdhuru. Baada ya hapo huandika katika daftari na kumpa dereva maelekezo. Simu haina macho. Lolote linaloonekana huonekana kwa maneno ya mpigaji.

Mwanafunzi huyo aliingia kazini kwa ari kubwa. Siku ya pili tu alichukua kamusi, akaandaa orodha ya wanyama kwa Kiswahili sanifu na kuibandika ukutani juu ya simu: mbega, kima, tumbili, nyani, komba. Kila mnyama alikuwa na jina moja, na kila jina lilikuwa na tahajia sahihi. Wenzake waliisifu kazi hiyo, naye akaona kwamba taaluma yake imepata manufaa nje ya ukumbi wa mihadhara.

Wiki hiyohiyo, alasiri moja, simu ililia. Sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Shikamoo, mzee," alisema mwanafunzi.

"Marahaba, mwanangu. Kuna kuluzu hapa kapigwa na umeme, kaanguka chini ya mwembe."

"Kuluzu ni mnyama gani, mzee?"

"Kuluzu ni kuluzu. Kwani nyinyi si ndio wenye kazi ya kuluzu?"

Mwanafunzi alitazama ukutani. Kuluzu hakuwemo katika orodha. "Ni tumbili?" aliuliza.

Mzee alinyamaza kidogo. "Haya, andika tumbili. Ila ana kitu cheupe kimemganda kifuani."

"Yeye mwenyewe yu hai?"

"Yeye kafa."

Mwanafunzi aliandika: tumbili mmoja, amekufa. Kile kitu cheupe hakukiandika, kwa sababu daftari halikuwa na safu ya kukitia, naye alidhani labda ni tambara au manyoya yaliyoungua. Gari lilikuwa moja, na lilikuwa limekwenda kumchukua kima aliyegongwa na pikipiki. Maiti haina haraka, ilisubiri.

Gari lilifika kwa yule mzee baada ya muda wa saa mbili hivi. Alikuwa bado amesimama pale mwembeni na fimbo yake, akiwafukuza mbwa na kunguru. Chini alilala mbega jike, na kifuani pake aling'ang'ania mtoto mchanga, mweupe kama pamba, macho wazi, ameshika manyoya ya mama yake kwa vidole vyote. Mbega huzaliwa mweupe pepepe, na ni baada ya miezi kadhaa ndipo weusi wa wazazi wake humjia. Jambo hilo mzee alilijua tangu utotoni. Mwanafunzi hakulijua, wala hakuuliza.

Mtoto alipelekwa kituoni, akapashwa joto na kupewa maziwa tone kwa tone. Usiku wa pili alikufa. Hakuna aliyemlaumu mpokeaji wa simu, kwani vitoto vya mbega ni vigumu kuvilea bila mama, na hapana aliyeweza kusema kwamba saa mbili zile zingalimwokoa. Lakini yeye alijua alichokiandika na alichokiacha.

Asubuhi iliyofuata alimsimulia mlinzi wa lango, ambaye ni Mdigo. "Kuluzu?" alishangaa mlinzi. "Ndiye huyo mnayemwita mbega. Mbona hukuniuliza?" Swali hilo lilimchoma kuliko lawama yoyote. Alikuwa akipita langoni pale kila siku, wakisalimiana, na siku aliyobandika orodha yake alipita nayo mkononi.

Aliibandua. Alikaa na mlinzi na mpishi wa kituo, wakaiandika upya, kila mnyama na majina yake yote, na kando wakaeleza jinsi kitoto chake kinavyoonekana. Katika daftari alichora safu mpya: "Maneno ya mpigaji mwenyewe." Humo huandikwa lililosemwa kama lilivyosemwa, kabla ya mtu yeyote kulifasiri. Kisha alimpigia simu yule mzee, akamwomba radhi na kumweleza kuwa kitoto kimekufa.

"Basi, tumejaribu," alijibu mzee. "Nikimwona mwingine nitapiga."

Pengine msomaji atadhani kuwa makala haya yanakipinga Kiswahili sanifu. La hasha. Bila lugha ya pamoja, mzee wa Diani na kijana wa bara wasingeweza hata kusalimiana. Kosa halikuwa katika usanifu, bali katika kudhani kwamba kisichokuwemo katika orodha hakipo. Neno "kuluzu" lilibeba maarifa ya watu walioishi na mnyama huyo vizazi na vizazi, na lilipofika sikioni mwa msomi, msomi alilibadilisha liwe neno alilolizoea. Mzee alikubali kwa adabu, na kwa adabu hiyo kweli ikapotea.

Wanafunzi wa Kiswahili hutumwa kila mwaka kwenda nyanjani wakiwa na hojaji zenye safu tayari. Huwaketisha wazee na kuwauliza majina ya samaki, ya miti, ya sehemu za jahazi. Kila mmoja wao huenda akakutana na kitu cheupe kisichokuwa na safu. Na akiandike, kisha aulize.

Majuma machache baadaye mzee alipiga tena. Alisema kuna kuluzu barabarani, kavunjika mguu, yu hai. "Naam, mzee, kuluzu," alijibu mwanafunzi, kalamu mkononi. "Nieleze yote unayoyaona."