Tela Nyuma ya Tela: Barua kutoka Minnesota



Mjomba, umeniuliza kama ile picha niliyoituma nyumbani Ngulyati ni ya kutengenezwa kwa kompyuta. Ni ya kweli, nimeipiga mwenyewe barabarani. Mbele ni pikapu, katikati ni karavani, yaani nyumba ya magurudumu yenye vitanda, jiko na choo, na nyuma ya karavani kuna boti juu ya tela lake. Vyote vitatu vinakwenda kwa injini moja. Kwa kuwa wewe umeishi na matela ya pamba tangu nikiwa mtoto, nakuandikia kwa kirefu, maana najua utataka kujua kila kimoja kimefungwa wapi na kinasimamaje.

Jimbo hili la Minnesota lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 na zaidi, na kaskazini mashariki linapakana na Ziwa Superior, ambalo kwa eneo ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya maji baridi duniani. Letu la Victoria linalifuata. Majira ya baridi maziwa haya huganda hadi watu wanaendesha magari juu yake. Barafu ikishayeyuka, katikati ya mwezi Mei msimu wa uvuvi unafunguliwa, na barabara za kwenda kaskazini zinajaa boti. Wastaafu wengi hukaa ziwani wiki nzima. Wanataka nyumba ya kulala na boti ya kuvulia, lakini dereva ni mmoja na pikapu ni moja. Ndipo boti inapofungwa nyuma ya karavani.

Si kila karavani inafaa. Zile ndogo huning'inizwa kwenye chuma kilicho chini ya bampa, na kwa hizo hapa Minnesota hairuhusiwi kuongeza tela la pili. Inayoruhusiwa ni ile ya mtindo wa semi: shingo yake inapanda juu ya bodi ya pikapu, na pini nene ya chuma inashuka na kunaswa kwenye sahani iliyokaa juu ya ekseli ya nyuma, kama semi za Dar es Salaam zinazopita kwenda Mwanza. Kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wa karavani inakaa juu ya pini hiyo, na uzito huo ndio unaozituliza gari zote mbili.

Sasa fikiria mkokoteni wetu wa ng'ombe. Ukirundika magunia yote upande wa nyuma, nira inanyanyuka shingoni, na ng'ombe wanakosa nguvu ya kushika mzigo. Boti inafanya vivyo hivyo. Shingo ya tela lake inakandamiza mkia wa karavani, na kwa kuwa mkia huo uko mbali nyuma ya magurudumu, upande wa mbele unanyanyuka na pini inapoteza uzito. Karavani ikishakuwa nyepesi mbele, inaanza kuyumba, nayo boti inayumba zaidi kuliko karavani. Kwa hiyo mwenye akili hapimi uzito wa boti peke yake. Anapeleka msafara mzima kwenye mzani, matangi ya maji yakiwa yamejaa na zana za uvuvi zikiwa ndani, na anakagua kama fremu ya karavani ilitengenezwa kubeba kitu nyuma, kwa sababu nyingi hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Breki ndizo zilizonivutia kuliko yote. Karavani ina breki za umeme zinazoamriwa na dereva. Tela la boti, kwa kuwa linazamishwa majini, mara nyingi lina breki za mafuta zinazojibana zenyewe: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, na msukumo huo unaminya mafuta hadi breki zinashika. Chini ya kiungo cha tela la boti kuna minyororo miwili iliyopishanishwa. Kuna pia waya mwembamba uliofungwa kwenye gari la mbele. Karavani ikichomoka, waya unavuta swichi, na breki zake zinabana kwa nguvu ya betri yake yenyewe. Nilipoelezwa habari ya waya huo nilikufikiria wewe, Mjomba.

Kurudi nyuma karibu haiwezekani. Semi yenye kiungo kimoja unaweza kuirudisha ukiwa na uzoefu, lakini viungo viwili hukunjana upesi kabla hujafika mbali. Dereva anachagua kituo cha mafuta chenye mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea, na akikwama anashuka kuifungua boti na kuisukuma kwa mikono. Boti yenyewe haionekani kwenye vioo, imefichwa na karavani, kwa hiyo wengi hufunga kamera nyuma kabisa. Tairi dogo la tela la boti linaweza kupasuka na dereva asijue hadi wa nyuma yake ampigie honi.

Sheria inabadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Florida na New York hawaruhusu kabisa. Hapa Minnesota msafara usizidi futi 70, yaani mita 21 na kidogo, dereva awe ametimiza miaka 18, na uwezo wa pikapu wa kuvuta usiwe chini ya uzito wa vyote viwili. Tena katika wilaya 7 za eneo la miji ya Minneapolis na St. Paul, Jumatatu hadi Ijumaa, hairuhusiwi kupita saa 12 hadi saa 3 asubuhi wala saa 10 hadi saa 1 jioni, wakati watu wanapokwenda na kutoka kazini. Mimi naiona ni sheria ya haki. Anayekwenda kupumzika anamwachia njia anayekwenda kazini.

Boti ikitoka ziwani, sheria inadai majani yote yatolewe, maji yamwagwe, na kizibo cha chini kisafiri kikiwa kimefunguliwa. Wanaogopa kome wadogo wenye mistari, wageni kutoka pande za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, ambao husafiri ndani ya maji yaliyobaki kwenye boti na kuvamia ziwa jingine. Sisi tuliona gugu maji lilivyolifanya Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wavuvi wa Lamadi wangewaelewa watu hawa bila mkalimani.

Mjomba, nimeyaandika haya kwa sababu msimu wa pamba unakuja. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na mizani iko barabara kuu. Lakini trekta linalotoka kijijini na tela la pamba, likifika lami ya Bariadi kwenda Lamadi giza limeshaingia, usalama wake uko mikononi mwa mwenye tela. Lori la nyuma linakuja kwa kasi, na tela lisilo na taa halionekani hadi lori limeshalikaribia sana.

Nakuomba uongee na vijana wenye matrekta kabla ya kupakia gunia la kwanza. Kila tela lifungwe taa mbili nyuma na vibandiko vyekundu vinavyong'aa vikimulikwa, pini iwe na kifungio chake, na mnyororo wa akiba uwe chini ya kiungo. Fundi wa kuchomelea hapo senta anaweza kuifanya kazi hiyo. Gharama ya tela lako nitaituma mimi mwezi huu.