Pijo ya Chumbageni

Katika Tanga ya utoto wangu gari halikutengenezwa ili lirudie upya wake. Lilitengenezwa ili Jumatatu lifike kazini. Tofauti hiyo nimekuja kuielewa sasa, ninapoifufua Pijo, Peugeot 404 ya marehemu baba, kwenye banda la nyuma ya nyumba yetu, Chumbageni. Kila bolti ninayofungua inanikutanisha na mkono wa mtu aliyeifungua kabla yangu, tena katika miaka ambayo kuipata bolti yenyewe kulikuwa kazi.

Baba alikuwa karani wa mahesabu kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Mkonge ulikuwa umeshapita kilele chake cha 1964, mashamba mengi yalikuwa yametaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na mameneja Wazungu walikuwa wakiondoka mmoja mmoja na kuuza vyombo vyao. Ndivyo Pijo ilivyofika kwetu mwaka 1974: nyeupe, viti vya rangi ya damu ya mzee, gia pembeni mwa usukani, na mapezi mawili nyuma yaliyochorwa na Pininfarina wa Italia. Mama alisema gari lina kiburi. Baba hakubisha.

Angeweza kuchukua Volkswagen au Ford Cortina, maana nazo zilikuwa zikiuzwa. Alitaka Pijo kwa sababu ya mashindano ya magari ya Safari. Mashindano hayo yaliyoanza 1953 wakati ule yalikuwa ya Afrika Mashariki, si ya Kenya peke yake kama yalivyokuja kuwa katikati ya miaka ya 1970, na milima yetu ya Usambara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoogopwa na madereva: utelezi, ukungu, kona zinazoning'inia juu ya makorongo. Pijo 404 ilishinda mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na ule wa 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Kwa watu wa rika la baba hiyo haikuwa habari ya gazetini tu. Gari lililoandaliwa hapa nchini lilikuwa limepita kwenye njia mbovu kuliko zote na kuwaacha nyuma waliotoka Ulaya. Walimu, matabibu, makarani, kila aliyejaaliwa kuweka akiba alilitamani.

Na gari lenyewe lilistahili kutamaniwa. Ukiinua boneti unaiona injini imelazwa upande, nyuzi 45, ujazo wake sentimita za ujazo 1,618. Hedi ni ya alumini. Silinda hazikuchongwa moja kwa moja ndani ya bloku. Kila pistoni inatembea kwenye laina inayochomoka, na maji ya kupoza yanaizunguka laina hiyo. Injini ikichoka, bloku haiendi kwa mkerezaji. Unachomoa laina nne na pistoni zake, unatia nyingine, unafunga. Mbele kuna tundu la kupitisha hendeli, ili betri ikifa uwashe kwa mkono. Mhandisi aliyelipanga gari hivi alikuwa anamfikiria mtu aliye mbali na gereji, na mimi kwa hilo namheshimu kuliko ninavyowaheshimu waliofunika injini za leo kwa plastiki.

Tatizo ni kwamba hata laina inayochomoka inahitaji laina nyingine ya kuingia mahali pake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa, na spea zilizokuwa zikija kwa basi kutoka Nairobi zikakatika. Vikaja Vita vya Kagera, kisha fedha za kigeni zikaadimika nchi nzima. Duka la spea la mjini likabaki na rafu, kaunta, na muuzaji anayekusalimia vizuri. Miaka hiyo magari binafsi yalikatazwa pia kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kubana matumizi ya mafuta. Kwetu saa nane ya Jumapili ikawa saa ya kufungua gari.

Fundi alikuwa mtu wa karakana ya shambani. Kazi yake hasa ilikuwa kuhudumia korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kuacha singa, na korona haikuwa na subira: ikisimama, shamba zima limesimama. Kwa hiyo karakana ilikuwa na mashine ya kukereza, tanuru la kuyeyushia madini, na watu waliozoea kutengeneza kitu ambacho hakinunuliki. Alikuja na spanaboi wake, kijana mwembamba asiyesema, na mimi nilipewa taa. "Mwanangu," aliniambia, "mulika ninapoangalia mimi, si unapoangalia wewe." Nimefundisha sekondari maisha yangu yote, na sijapata maneno mazuri zaidi ya kumwambia mwalimu mpya.

Bushi za mpira alizichonga kwenye tairi chakavu la lori. Shafti ya pampu ya maji aliikereza kutoka kwenye chuma cha korona iliyokufa. Kifuniko cha distribyuta kilipopasuka kiligandishwa kwa araldaiti na kurudishwa kazini. Kirungu cha gia kilipovunjika, baba alikwenda kwa mchonga mpingo akarudi na kingine, cheusi, kizito, kinachoteleza vizuri kiganjani.

Lakini kazi iliyonishangaza zaidi ilikuwa ya difu. Magari mengi yana meno ya chuma yanayosagana na chuma. Difu ya 404 ina parafujo nene ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Ni kimya na ni imara, ila inachagua mafuta. Mafuta ya kawaida ya difu yana viungo vya salfa, na vingi kati ya hivyo huila shaba polepole. Pijo za namna hii zilizoea mafuta ya jamii ya nyonyo, nayo madukani hayakuwepo. Fundi akaagiza nyonyo yenyewe, iliyokamuliwa kijijini, ikaletwa kwenye dumu. Ilikuwa nzito, ikinata isipobadilishwa mapema, na wiki nzima banda lilinuka dawa ya tumbo. Difu haikulia. Yule fundi hakuwahi kuingia darasa la kemia, lakini alijua shaba inakubali nini na inakataa nini, na alijua sababu. Hilo nalisisitiza kwa sababu watu hupenda kusema mafundi wa zamani walibahatisha. Huyu hakubahatisha.

Mambo yalianza kulegea na bajeti ya 1984, iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mwaka uliofuata Rais Ali Hassan Mwinyi akaingia madarakani, na baada ya hapo magari yaliyotumika yakaanza kuja, mengine kupitia Dubai, mengine moja kwa moja kutoka Japani. Usukani wao uko upande wetu, spea zao zilijaa Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, na fundi yeyote aliyajua. Baba naye hatimaye akanunua Toyota. Pijo ikarudishwa nyuma bandani na kufunikwa turubai. Hakuna aliyesema imestaafu. Ilikuwa inasubiri spea, ndivyo tulivyoambiana, na ikaendelea kusubiri wakati mafundi wake wanazeeka na wengine wanazikwa.

Upepo wa bahari ya Tanga hausubiri mtu. Nilipoivua turubai, baba akiwa ameshatangulia na mimi nimestaafu ualimu, sakafu ya upande wa dereva ilikuwa imetoboka na vizingiti vya chini ya milango vilikuwa kutu iliyoshikwa na rangi tu. Kaka yangu alishauri tuwaite wanunuzi wa chuma chakavu waje na mizani. Nilikataa, na nilipoulizwa nitaipeleka wapi nilisema haiendi popote, itatengenezwa hapa hapa.

Jambo la kwanza ambalo mtu anapaswa kulijua ni kwamba 404 haina chesi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na vizingiti vile vilivyooza ndivyo mbavu zake. Ukivikata ovyo, gari linakaa katikati na milango haifungi tena maisha. Kijana wa kuchomelea aliyekuja alikuwa na mashine nzuri na pupa nyingi. Aliyemzuia alikuwa mzee mmoja kutoka Ngamiani aliyeitwa kuangalia injini tu. Aliagiza kwanza vyuma vya pembe vichomelewe kukatiza uwazi wa kila mlango, gari likae juu ya magogo yaliyopimwa kwa pima maji, kisha kizingiti kikatwe kimoja, kijengwe, kipoe, ndipo kiguswe cha pili. Milango inafunga leo kwa kidole.

Mzee huyo ndiye yule spanaboi mwembamba.

Sikumtambua mpaka alipoingia bandani, akapiga goti, akapapasa chini ya pampu ya maji na kusema, "Mama, hii shafti tuliitoa kwenye korona namba mbili." Zamani hakusema kitu, sasa anasema sana, na kila anachosema kina faida. Hedi ilipotolewa, kijana mmoja alishika hendeli azungushe injini aone pistoni zinavyopanda. Mzee alimpigia kelele. Laina za namna hii zimekalia pete nyembamba chini kabisa ya bloku, na hedi ndiyo inayozikandamiza. Ukizungusha injini hedi ikiwa mezani, pistoni inaivuta laina juu, pete inapoteza muhuri, na ukishafunga kila kitu maji yanashuka kwenye oili. Akafunga bolti fupi zenye washa pana kukandamiza kila laina, ndipo akaruhusu. Nilimuuliza alijifunzia wapi. "Kwa kupigwa," alisema.

Spea sasa si kitendawili tena. Sochaux, mji wa Ufaransa 404 ilikotengenezwa, una makumbusho ya Peugeot, na wapenzi wa magari haya wako nchi nyingi, kwa kuwa zaidi ya milioni mbili yalitengenezwa. Laina na pistoni za milimita 84 niliziagiza kwa simu nikiwa nimekaa kibarazani. Gharama ya kusafirisha na ushuru inauma, lakini vitu vinafika. Baba alisubiri pete za pistoni mpaka akaacha kuzitaja. Mimi nafuatilia kifurushi changu kwenye skrini kikivuka bahari. Kilichoadimika siku hizi ni mtu wa kuvifunga. Gereji za mjini zinachomeka kompyuta, kompyuta inataja kifaa, kifaa kinabadilishwa. Ni kazi halali na inawafaa wateja wao. Pijo haina pa kuchomeka kitu. Inataka mtu anayesikia platini zimefunguka kupita kiasi, anayeangalia rangi ya plagi akajua kabureta inamwaga au inabana.

Wingi huo wa spea ulileta swali ambalo sikulitarajia. Watu wa Ulaya wanaofufua magari, ninaowasoma kwa heshima, lengo lao ni siku ile gari lilipotoka kiwandani: bolti ile ile, rangi ile ile, alama ya chaki pale pale. Ningeweza kufanya hivyo. Pampu mpya ya maji inauzwa, na kirungu cha gia cha asili kinauzwa. Nikifuata njia hiyo mpaka mwisho nitapata 404 safi kabisa ambayo haijawahi kuishi Tanga. Haijui mpaka uliofungwa wala Jumapili saa nane. Kwangu hiyo ni hasara, na sikubali kuilipia.

Kwa hiyo mimi na mzee tumepitia kila kiraka na kukihukumu kimoja kimoja. Breki zote zimekwenda, mabomba, silinda, mipira. Kwenye breki hakuna kumbukumbu ya kuhifadhi, kuna watoto barabarani. Bushi za tairi zimekwenda, zilikuwa zimeshachoka. Kifuniko chenye araldaiti nimekiweka kabatini. Shafti ya korona tuliipima kwa mikromita, haijalika, imerudi kwenye pampu yake na beringi mpya. Kirungu cha mpingo kimebaki. Kipande cha bati nene kilichozibia sakafu ya nyuma, chenye ribiti zilizopangwa sawasawa kama mshono wa kanzu, kilimtatiza kijana wa kuchomelea. Alitaka kukitoa kwa sababu si cha asili. Nikamwonyesha kutu ilivyokula pande zote na kusimama kwenye mpaka wa kile kiraka. Alikikagua, akapiga rangi ya kuzuia kutu juu yake, akaendelea na kazi.

Injini imeshawaka, kwa hendeli, kama mzee alivyotaka. Kazi ya nyaya za dashibodi inaendelea, na rangi itakuwa nyeupe. Difu bado haijafunguliwa. Mafuta sahihi yameshafika, na mimi nilitaka tumalize upesi, lakini mzee amekataa kuharakishwa. Amesema itafunguliwa baada ya Idi, kwa sharti kwamba vijana wote wawili wawepo tangu asubuhi, na kwamba yeye atakaa kwenye kiti na hatashika spana.