Ua Liualo

Katika ushairi wa Kiswahili, ua limezoeleka kuwa pambo. Asumini, waridi na kilua husifiwa kwa harufu na kwa kufananishwa na mpendwa. Aghalabu husahauliwa kwamba neno hilohilo, ua, ni agizo la kutoa uhai. Lipo ua moja libebalo maana zote mbili, nalo halikuota pwani bali katika baridi ya Ainabkoi na Burnt Forest, kusini mashariki mwa Eldoret: pareto.

Asili ya pareto ni Dalmatia, kwenye Bahari ya Adriatiki, katika Kroatia ya leo. Ni mmea wa kudumu wa familia ya alizeti, wenye majani ya rangi ya majivu. Kionekanacho kama ua moja ni kusanyiko la maua madogo mengi: ya manjano katikati, meupe pembeni. Sumu ya wadudu, piretrini, haimo sana katika weupe uvutiao jicho. Imejificha katika vitunda vidogo vya mbegu. Mmea huu hudai baridi ili uchanue, ndiyo maana nyanda za juu ziliufaa.

Uliletwa Kenya mwaka 1928. Vita vya Pili vya Dunia vilipokata ugavi wa Japani, Kenya ikashika nafasi ya kwanza. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, zao likaenea kwa wakulima wadogo Waafrika. Miaka ya 2000 malipo yalichelewa, wengi wakang'oa pareto, wakapanda mahindi na viazi.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Mkulima alilipwa kwa kadiri ya piretrini iliyomo katika maua yake. Akichuma mapema mno, au akichelewa, kiwango hupungua. Hata hivyo, kipimo kilichoamua kipato chake kilielezwa zaidi kwa Kiingereza. Kiswahili kilitohoa jina la mmea, kikaishia hapo.

Baada ya ugatuzi wa 2013, kaunti kadhaa zimegawa miche ili kufufua zao hili. Miche pekee haitoshi. Lugha inayompa mkulima jina bila maarifa humkabidhi jembe na kumficha shamba. Wanaisimu wa Kiswahili wana kazi ya kufanya baina ya mistari ya pareto, si baina ya mistari ya vitabu tu.